Mnyororo wa Baiskeli na Skrubu Ndefu

Kisu kiliruka, kikapasua bawa la malaika. Ubao wa mvule tuliokuwa tukiuchonga kwa ajili ya altare ya kanisa la Ngenge ukabaki na mfereji mbaya kuanzia begani hadi ukingoni. Mwenzangu Byabato alizima mota. Aliugusa mnyororo wa baiskeli kwa kidole, nao ukachezacheza kwa kulegea.

Mimi ndiye niliyeuchagua.

Mashine ile tuliiunda wenyewe katika karakana yetu ya Bilele, miaka kumi baada ya vita. Byabato alijifunza ufundi kwa kutengeneza malori ya wanajeshi waliokuwa wakielekea Uganda. Mimi nilikuwa seremala. Mota ya kuchongea ilikaa juu ya kitoroli kilichotembea kwenye reli mbili za chuma. Ikabaki kuamua kitu cha kukivuta. Byabato alitaka skrubu ndefu, nene kama kifundo cha mkono.

"Skrubu haichezi," alisema. "Utakapoiacha, hapo hapo utaikuta."

Lakini ilibidi kuzungusha mpini mara nyingi mno ili kitoroli kisogee kidogo tu. Niliijaribu Byabato alipokwenda sokoni. Kabla sijafika katikati ya reli, nilikuwa nimeuachia mpini, nimeegemea reli nikihema. Nilikuwa nimekonda, suruali niliifunga kwa kamba, nikaificha chini ya shati refu. Baadaye ilijulikana kuwa ni kifua kikuu, nikatibiwa, nikapona. Wakati ule niliogopa hata kwenda kupimwa. Miaka ile, Bukoba, mtu akikonda watu walidhani ni ukimwi, wakamzika kwa macho, na wateja wakahama kimya kimya.

Basi aliporudi nikamwambia mnyororo ni bora: mwepesi, vipuri vyake havisumbui, hautaki grisi nyingi. Niliongea sana, kama mchuuzi. Alinitazama, akasema, "Sawa."

Sasa alikuwa ameuinamia ubao ulioharibika.

"Datius, si kwa sababu ya grisi ulitaka mnyororo."

"Si kwa sababu hiyo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

Mke wangu, Theopista, alikuwa uani akimenya ndizi, na ukuta wa mabati hauzuii maneno. Aliingia akijipangusa utomvu mikononi.

"Hiyo skrubu iko wapi, waitu?" akamuuliza Byabato kwa heshima ya Kihaya.

Tuliifunga siku ileile, tukaweka ubao mpya. Byabato aliangalia mota, Theopista akashika mpini, mimi nikawa naelekeza. Wapita njia wakasimama mlangoni: mwanamke anazungusha chuma, mume amesimama tu. Uso uliniwaka. Nikamnong'oneza aache.

"Waache watazame, Baba Koku," akajibu, wala hakupunguza sauti. "Sema, mbele au nyuma?"

"Mbele. Polepole."

Kisu kikazama kwenye mti bila kutetemeka. Unyoya mmoja ukatokea, kisha mwingine, kingo zake zimenyooka. Mtu mmoja mlangoni akauliza kwa Kihaya Datius ana nini siku hizi. Theopista alisimamisha mpini, akanigeukia.

"Umechoka?"

Miezi yote ile nilikuwa nikijibu hapana.

"Nimechoka," nikasema.

Byabato akaleta kigoda, akakiweka kando ya mashine. Nikakaa, mbele ya watu wote, nikaendelea kumwelekeza Theopista.