Kengele ya Diwani

Jiwe la tatu lilipoponyoka chini ya katambuga zake, Nyanjige alilisikiliza likidunda hadi bondeni, akaliombea safari njema, kisha akashika mzizi na kujivuta juu. Mlima huo watu waliuita Kipara, nao, kama wazee wengi wenye vipara, haukupenda kuguswa kichwa. Ulikuwa na mawe yaliyoshika moto kabla ya saa nne, michongoma, pimbi wenye dharau, na kifutu mmoja aliyelala kivulini kama mwenye hati ya kiwanja.

Juu, kengele ikalia. Ngo. Kimya. Ngo-ngo.

"Nakuja, mheshimiwa," akasema.

Mheshimiwa alikuwa maksai wake wa kahawia mwenye pembe moja iliyopinda chini, Diwani, aliyepewa jina hilo kwa sababu alitembea taratibu na hakupenda kuulizwa. Alikuwa amepotea tangu juzi, siku mvua ya kwanza ilipoinyeshea Meatu kisha ikakata. Udongo ungebaki laini siku nne tu. Zizini alibaki mwenzake wa nira, Katibu, akicheua, kwani Katibu peke yake havuti plau. Bila Diwani hakuna mtama. Na bila mtama Nyanjige angerudi kula kwa mashemeji, wale waliomwambia kwenye matanga kwamba mjane hana haja ya ng'ombe.

Kengele aliijua vizuri. Mhunzi aliifua kutokana na jembe bovu la marehemu mumewe, na hakuna nyingine iliyokohoa vile. Kila jioni aliivua shingoni mwa Diwani, akaitikisa mara tatu juu ya karai la pumba, na Diwani akaufuata mlio huo hadi zizini, hata awe ameshiba majani ya watu.

Njia ya kwenda kileleni ilikuwepo, tena nzuri. Ilipita uani kwa Magese. Alfajiri alimkuta jirani huyo nyuma ya uzio wa miiba, akikaza matawi kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nyanjige alimwamkia, "Ng'wangaluka," na Magese akaiacha salamu hiyo ianguke chini kama kinyesi cha mbuzi. Alieleza kwamba maksai ndiye aliyebomoa uzio akapanda mlimani. Sasa umezibwa, na hautafunguliwa kwa ajili ya mtu asiyejua kuchunga.

"Basi nipite wapi?"

"Mlima una pande nyingi, mayu. Chagua."

"Nikivunjika mguu?"

"Utapata sababu ya kutulia kwako."

Akachagua upande wa mashariki, ambao hata mbuzi walikuwa wameujadili na kuukataa.

Mchongoma ulichukua robo ya kanga yake. Kwenye bamba moja la jiwe alivua katambuga, akazing'ata kwa meno, akapanda kwa vidole huku nyayo zikiiva. Maji yaliisha. Mara mbili alikaa chini akaamua kurudi. Mara mbili kengele ikakohoa, naye akainuka akiitukana kwa Kisukuma, lugha yenye akiba kubwa ya maneno hayo.

Alifika saa sita kasoro. Hakukuwa na ng'ombe, wala mavi ya ng'ombe. Kulikuwa na mgunga mkavu, na kwenye tawi lake, kengele. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, fundo safi, la mtu asiye na haraka. Upepo ukaitikisa.

Nyanjige akatazama chini upande wa pili, nyuma ya nyumba ya Magese, kwenye shamba ambalo kijiji hakilioni. Udongo mbichi uling'aa karibu wote. Klementina, mke wa Magese, alitangulia akiwaongoza ng'ombe wawili. Mmoja mweupe, mwingine wa kahawia, mwenye pembe moja iliyopinda chini. Magese alifuata na plau na fimbo. Hata kwa jua hilo hawakuwapumzisha.

Hakupiga kelele. Alilifungua fundo kwa meno, akasogea hadi ukingoni ambako mawe yanaishia, akainua mkono.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kule chini, pembe iliyopinda ilisimama. Mweupe akaenda hatua moja zaidi, nira ikakaa upande. Fimbo ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Diwani akainua kichwa, akageuka taratibu, kama kawaida yake, akimburuta mwenzake. Klementina akaruka pembeni.

Nyanjige akatikisa tena mara tatu.

Na mfereji mmoja uliopinda ukaanza kuchorwa juu ya ile mistari iliyonyooka, plau likirukaruka bila mshikaji, kuelekea uzio wa miiba.