Ng'ombe wa Mama na Kadi ya Bima

Wageni wa upande wa Gibson walifika kwetu Tegeta Jumamosi moja ya Septemba asubuhi, suti zimewabana na jasho linawatoka. Walikuja kuleta mahari ya binti yetu Loveness, na walitaka harusi iwe Desemba. Mie mama yake nilikuwa jikoni na wifi yangu Kokushubila, mikono inapika, moyo unamwomba Mungu anipe la kusema. Hiyo Desemba ilikuwa imeninyima usingizi.

Loveness anasoma chuo Iringa, na ana pumu. Baridi ya kule ikimkamata, analazwa. Inayolipa ni bima ya kazini kwa baba yake, nayo ina sharti lake: inambeba mtoto mpaka amalize chuo, mradi hajaoa wala hajaolewa. Akifunga ndoa Desemba, kadi inakatika, na masomo yake yanaisha Julai ya mwaka unaofuata. Gibson ni fundi samani wa Keko, kijana mchapakazi, ila bima hana.

“Si mnyamaze tu,” wifi aliniambia huku akimenya ndizi. “Kadi itajuaje kama ameolewa?”

“Kila mwaka baba yake anasaini kwamba hajaolewa.”

“Asaini. Kalamu haing'ati.”

“Mie itaning'ata, wifi. Jioni nikipiga magoti nimwambie Mungu nini?”

“Mwambie una wifi mwenye mdomo.”

Sebuleni msemaji wetu alikuwa Daniel, mdogo wa mume wangu. Mume wangu mwenyewe, Revelian, alikaa kimya kama mila inavyotaka. Mshenga wao, mzee Stephano wa Temeke, alikuwa anapunguza kila kitu kwa utani: mablanketi, kanzu, mpaka mbuzi.

“Sasa tuje kwa ng'ombe wa mama,” Daniel alisema.

Nikanawa mikono. Mwanamke haingii pale bila kuitwa, lakini ng'ombe huyo alikuwa wangu. Nikaingia, nikapiga goti.

“Shikamooni, wazee wangu.”

“Marahaba, mama yetu.”

“Ng'ombe wangu simtaki.”

Mzee Stephano akamgeukia mwenzake. “Andika haraka kabla hajaghairi!”

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaendelea.

“Badala yake nataka Gibson akate bima ya afya, yake na ya mkewe.”

“Mama, sie tumekuja kuoa, hatukuja kufungua zahanati!” mzee Stephano alisema. “Umeanza kusoma sheria?”

“Nasoma kidato cha pili, madarasa ya jioni. Sheria bado.”

Nikawaeleza yote, pumu na kadi na Desemba. Mzee Stephano aliacha utani. “Kumbe. Hilo hatukulijua,” akasema, akatoa simu. Bwana harusi haruhusiwi kuwepo siku kama ile, kwa hiyo Gibson alikuwa amejificha kwenye gari barabarani. Mzee akampigia, akaweka spika.

“Shikamoo mama,” Gibson alisema. “Mafundi wenzangu Keko wanajiunga bima kwa kikundi. Nilikuwaga najiambia mie siumwi, ya nini? Jumatatu naingia. Ila anayeingia leo anasubiri miezi sita ndipo aanze kutibiwa, yeye na familia yake.”

Kwa hiyo Desemba isingewezekana bila kumwacha binti yangu miezi kadhaa na kifua kile, hana kadi yoyote. Mjomba mmoja wa upande wao alisema ukumbi umeshawekewa nafasi, basi tumwombee tu Loveness asiugue.

“Kumwombea namwombea kila siku,” nilimjibu. “Na hospitali bado nampeleka.”

Daniel akaamua aitwe binti mwenyewe. Loveness, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia na shangazi yake Kokushubila, kitenge kimemfunika mpaka machoni.

“Unawafahamu wageni hawa?”

“Nawafahamu, baba mdogo.”

“Tupokee mahari yao?”

“Pokeeni.” Akakiteremsha kitenge usoni. “Lakini harusi iwe Agosti, nikishamaliza mitihani. Nikitoka kwenye kadi ya baba niingie kwenye ya Gibson.”

“Agosti?” simu ikasema. Tulikuwa tumeisahau mezani. “Love, mbona mie kitanda nimeshatengeneza!”

Sebule nzima ililipuka kwa kicheko. Revelian, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alicheka mpaka akatoa miwani.

“Zima! Zima hiyo simu!” mzee Stephano alipiga kelele, akibonyeza kila mahali pasipopaswa.

Loveness aliinama kwenye simu. “Kifunike na shuka, kisiingie vumbi.”

Nilishika pindo la kitenge changu nikasubiri.

“Haya,” Gibson alisema. “Agosti. Ukumbi nitaongea nao mwenyewe.”

Kokushubila akapiga vigelegele. Mzee Stephano akajipangusa jasho na kudai kwamba anayesubirishwa lazima apunguziwe, tuondoe mbuzi mmoja. Daniel akamwambia mbuzi haguswi, na wakaanza upya.

Walipomaliza niliombwa nifunge kwa sala. Nilimshukuru Mungu kwa kifua cha mwanangu, kwa mkwe anayekubali kungoja, kwa mafundi wote wa Keko na afya zao. Nilikuwa bado nawataja wenye pumu wa Iringa mzee Stephano aliposema “Amina!” kwa sauti kubwa, akainuka kwenda kunawa.