Unga Usioshikana

Chapati ya maji ya tatu ilimeguka kikaangoni kabla hata ya kugeuzwa. Mukonyo alivikusanya vipande vyake vyekundu vya mtama kwa mwiko, akavitia kwenye sahani pamoja na vile vya mbili za kwanza. Mwanamke aliyewahi kulisha arusi nzima bila kutoka jasho alikuwa ameshindwa na kiamsha kinywa cha mtoto mmoja.

"Susu, hii pia imevunjika," alisema Anita, mjukuu wake wa miaka mitano. Alikuwa amekalishwa juu ya meza ya jikoni, kijiko mkononi, tumbo limemvimba chini ya nguo ya kulalia na miguu imebaki mifupa.

"Naona, mama. Ngoja kidogo."

"Lakini ulisema leo nitakula pankeki kama watoto wengine."

Kamene, mamake mtoto, alikuwa akisuuza vikombe kwenye sinki. Hii ilikuwa nyumba yake, huku Muthangari, Nairobi, na Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo ofisi ya mjini ilimwachia asubuhi. "Mum, wacha tu," alisema. "Bila ngano haziwezi shikana. Nitamchemshia viazi vitamu."

"Nimeahidi," Mukonyo alisema, akazima jiko.

Ahadi hiyo ilitokana na yale waliyoyasikia wiki iliyotangulia, kwa daktari mmoja katikati ya jiji. Daktari aliwaeleza kwamba utumbo wa Anita unaikataa ngano. Mkate, chapati, mandazi, biskuti, vyote walivyokuwa wakimbembeleza ale apate nguvu, ndivyo vilivyokuwa vikimmaliza. Aliongeza kuwa ugonjwa huu hutembea katika damu. Je, kuna mtoto mwingine wa ukoo aliyewahi kuugua hivi? Kamene alimgeukia mamake. "Hapana," Mukonyo akajibu, kwa haraka ya mtu anayefunga mlango mvua isiingie.

Alikuwapo. Aliitwa Muindi, kifungua mimba wake, na Kamene aliyezaliwa baadaye aliambiwa tu kwamba kakake alikufa kwa surua. Enzi hizo Mukonyo na mumewe waliishi katika nyumba za serikali karibu na Kenyatta Market, mume akiwa karani wa kuvaa tai, na karani hanywi chai kavu. Kila asubuhi mezani palikuwa na mkate na siagi, na binti wa watu kutoka Mwingi akajiona ameagana na njaa milele. Muindi alipoanza kula mkate huo alianza kuhara, akakonda, tumbo likamtangulia. Akapelekwa kijijini kwa bibi yake mzaa mama, Syokimau, ambako watu walikula mtama na muhogo kwa kukosa kingine. Huko akanawiri. Akarudishwa Nairobi, akanyauka. Akapelekwa tena, akanawiri tena. Na kila alipokonda, mamake alimwongezea kipande, tena chenye siagi pande zote mbili. Nani angemlaumu? Alimpenda.

Majirani wana macho, lakini midomo yao ndiyo hufanya kazi zaidi. Mtoto anayenona kwa bibi na kukonda kwa mama, walisema, huyo amefungwa kwa uchawi. Ajuza anataka awe wake. Mukonyo aliyacheka maneno hayo, kisha akaacha kuyacheka, kisha akafunga safari hadi Mwingi. Alisimama uani, watu wakiangalia, akamwambia aliyemzaa: "Mfungue mwanangu." Syokimau aliingia jikoni, akatoka na chapati za mtama zilizofungwa kwa kitambaa safi, chakula cha mtoto njiani. Mukonyo alizitupa kabla ya kufika barabarani. Muindi hakuumaliza mwaka ule, na siku ya maziko bibi yake alizuiwa kutia udongo kaburini. Tangu hapo mama na binti walisalimiana kwenye arusi na matanga tu, salamu za kuonwa na watu, na zaidi ya miaka thelathini ikapita hivyo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa Mukonyo alikuwa hapo mezani, akilamba kijiko kikavu.

Alichukua simu yake, akatoka uani nyuma ya nyumba, akaketi kwenye ngazi karibu na kamba ya nguo. Alimpigia Nzomo, kakake aliyebaki kijijini na Mwaitu, kama walivyomwita mama yao.

"Mukonyo? Ni nani amekufa?" Nzomo aliuliza.

"Hakuna aliyekufa. Nipe Mwaitu."

Zilisikika hatua, mlango wa bati, kuku, kisha pumzi ya mtu asiyezoea kushika simu.

"Mwaitu, ni mimi Mukonyo."

"Naijua sauti ya niliyemzaa."

Alikuwa amepanga maneno ya kuanzia, yote yakamtoka kichwani. "Zile chapati za mtama," alisema, "ulikuwa ukizishikanisha na nini?"

"Unga mbichi peke yake haushikani," Syokimau alisema taratibu. "Chukua sehemu yake uipike uji mzito. Uache upoe, halafu ukande ule mbichi humo ndani, na ndizi iliyoiva. Uji ndio unaoshika. Na usiwe na haraka ya kugeuza. Wewe una haraka tangu utotoni."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Ni za nani?"

"Za mtoto wa Kamene. Ana tumbo." Mukonyo alifumba macho. "Ana tumbo la Muindi. Daktari amesema ni ngano. Mkate, Mwaitu. Kwako hapakuwa na mkate, ndiyo maana alipona. Ni mimi niliyekuwa nikimlisha."

Alingoja matusi. Aliyataka, hata, kama mtu anavyotaka jipu lipasuliwe. Lakini sauti iliyomjia ilikuwa ndogo.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Mwaitu?"

"Nilikuwa nikijiuliza. Mtu akiambiwa jambo mbele ya kijiji kizima, mwishowe hujikagua. Nilisema labda ni mkono wangu, labda nina kitu nilichozaliwa nacho bila kujua. Watoto wa Nzomo sikuwapa hata maji. Wote sita. Wakija jikoni nawafukuza. Wananiita bibi mkali."

Mukonyo aliuma upindo wa leso yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa. Alidhani alimnyang'anya mamake mjukuu mmoja, kumbe ni saba.

"Si wewe," alisema.

"Masikio yangu yamezeeka. Sema tena."

"Si wewe, Mwaitu."

"Tena."

"Si wewe! Haikuwa wewe hata siku moja!"

Alikuwa amepaza sauti bila kujua. Mlango wa jikoni ulifunguliwa, na Kamene akasimama kizingitini, mikono ikidondosha maji, Anita amemshika nguo kwa nyuma.

"Si nani, Mum?" aliuliza.