Maji Yaliyopanda Mbokomu

Asubuhi hiyo Aikande alikuwa nje ya jiko akimenya ndizi mshare za supu ya mtori, na kila aliyoimenya aliilaza kwenye jani la mgomba kwa mpango. Mstari wa juu ulikuwa mwaka wa kwanza, wa kati mwaka wa pili, na wa chini, uliokuwa mfupi, mwaka wa tatu. Mama yake, Eunike, alikuwa akisubiri ndizi hizo hizo ziingie chunguni.

"Mwaka wa kwanza nasoma sosholojia pamoja na historia na Kiingereza," alisema Aikande. "Wanafundisha ukoo ni nini, ndoa ni nini, na kwa nini watu wanakubali kutawaliwa."

"Hayo nayo yanataka shule?"

"Yanataka, mama. Mwaka wa pili historia naiacha, nachukua uchumi. Wa tatu kila mtu anachagua swali lake mwenyewe, anakwenda kwa watu kulitafutia jibu."

"Na mtori unapikwa mwaka wa ngapi?"

Aikande alicheka, akazidi kumenya. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Alikuwa amerudi Mbokomu kutoka shule ya wasichana ya Tabora, ambako mwalimu mmoja alimwazima kitabu kilichosema kwamba mila za watu zina sababu, na sababu hizo zinaweza kuulizwa. Maisha yake yote alidhani mambo ya watu yako tu, kama mawe yalivyo mtoni, kumbe kuna wanaokaa darasani kuyachunguza! Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani. Chuo cha Kampala kilikuwa kimemkubali, na kilikuwa kimemkubali pia mdogo wake wa kiume, Anaeli, ambaye hakuwa bado ameamua asome nini. Baba yao, Elifuraha, alisema kahawa ya ukoo inaweza kumpeleka mmoja tu, na wazee wangekaa Jumamosi kuamua ni nani.

"Na swali lako wewe ni lipi?" aliuliza Eunike.

"Kwa nini maji ya mfongo hayafiki kwa Salvina."

Mfongo ulikuwa mfereji uliochimbwa na babu wa babu zao kutoa maji msituni na kuyazungusha ubavuni mwa mlima, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Wanaume ndio waliozibua tope, na wanaume ndio waliokaa kikao chake. Mwanamke hakukanyaga pale maji yanapoanzia. Salvina, jirani yao wa juu, aliolewa hapo kutoka Kibosho, na tangu mumewe alipofariki zamu yake ilimezwa polepole na majirani. Sasa alibeba maji kichwani kutoka Mto Rau, huku mfongo ukipita chini ya migomba yake ukiimba.

Eunike aliutazama mfongo. "Swali kama hilo huliulizi karibu na maji," alisema.

Lakini lilikuwa limeshaulizwa. Maji yaliinuka kutoka mfongoni, yakasimama kidogo ukingoni kama mgeni anayetafuta mlango, kisha yakaanza kupanda mlima. Yalipita kati ya mibuni ya Elifuraha bila kung'oa hata mche mmoja. Eunike akaziondoa kuni njiani, maana zilikuwa kavu na hakutaka zilowe.

Salvina alikuwa akifagia yalipofika. Aliweka ufagio ukutani, akayatazama.

"Mmechelewa," aliyaambia, akaenda kutafuta debe.

Aikande alikimbia mpaka kilima cha kanisa ili aone vizuri, na alichokiona kilimkalisha chini. Maji hayakuwa yameishia kwa Salvina. Yalikuwa yakipanda kote Mbokomu kwa nyuzi nyembamba, yanang'aa, kila uzi ukienda kwenye nyumba yake. Ule wa kushoto ulikwenda kwa binti aliyeachika akarudi kwao. Mwingine ulikwenda kwa mama asiyezaa mtoto wa kiume. Mwingine uliingia kwenye kibanda cha vibarua ambacho hakuna aliyewahi kukitaja kikaoni. Nyumba zote zilizosahauliwa zilionekana kwa pamoja, na ukizitazama hivyo uliona kwamba hazikusahauliwa kwa bahati mbaya. Juu ya yote kilele cha Kibo kilikuwa wazi, cheupe, na vipande vya barafu yake kilele hicho vilielea ndani ya maji yale mpaka milangoni mwa watu.

"Ee Mungu, Ruwa wangu," alisema Aikande, na machozi yakamtoka. Hakuwa na huzuni. Ulikuwa ni ule uzuri wa kuona kitu chote, kuanzia juu mpaka chini, na kujua kwamba kinaweza kusomwa.

Maji yalikaa yanapanda wiki nzima. Wanawake waliokwenda gulioni Kiboriloni walijifunza kuyaruka bila kumwaga maziwa. Jumamosi wazee walikuja kwa Elifuraha, wakapewa mbege, pombe ya ndizi, wakaanza na habari ya maji kwa kuwa ndiyo ya haraka.

"Maji hayakukosea njia," alisema Mzee Sirili, mkuu wa mfongo. "Yanazijua nyumba zote, na zamu zao ni haki yao. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Kata ya mbege ikazunguka.

"Ila mfongo una taratibu zake," aliendelea Sirili. "Maji yakijigawa yenyewe, sisi tutakaa hapa kufanya nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Basi wakakubaliana kuyaomba radhi.

Kwao, aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hata koo zilizouana zilipatanishwa kwa jani hilo. Sirili alichuma la kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo, akaongoza wazee mpaka mlangoni kwa Salvina, akaliweka juu ya maji kwa mikono miwili. Maji yalilizungusha mara moja. Kisha yakageuka, yakaanza kushuka kwa adabu, na mlima mzima ukasikika ukishusha maji yake mpaka mfongo ukajaa tena kama zamani.

Debe la Salvina lilikuwa nusu.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Maji yameshasamehe, mama," alisema Sirili kwa upole. Zamu ilibaki ilivyokuwa.

Waliporudi uani na kuamua habari ya chuo, Elifuraha akamgeukia binti yake, akatoa ndani ya koti jani jingine la isale, nalo limefungwa fundo.

"Aikande, mwanangu," alisema. "Atakwenda Anaeli. Wewe utaolewa, na elimu yako itahamia kwa watu wengine. Uliteseka kusoma, na kichwa kizuri ni chako, kila mtu hapa anajua. Nimekukosea. Pokea."

Hasira ilimpanda Aikande. Aliwatazama wazee. Wote walikuwa wakimtazama kwa mapenzi, na wengine walikuwa na machozi, kwani si kila siku baba anamletea binti isale. Eunike aliinamisha kichwa. Aikande alinyoosha mikono miwili.

"Nimesamehe, baba," alisema.

Watu wakashukuru. Mbege iliyobaki ikanywewa kwa furaha, na Elifuraha alilala mapema siku hiyo, amepumzika moyo.

Anaeli alikuja jikoni kabla giza halijaingia, akasimama mlangoni kwa aibu.

"Dada," alisema, "nimefikiri nichukue hiyo sosholojia yako. Inahusu nini hasa?"

Aikande alikoroga chungu, akakifunika. Kisha akamweleza. Alianza na ukoo na ndoa, akafika kwenye kutawaliwa, akamwambia jinsi nyumba za Mbokomu zinavyoonekana ukiziangalia zote kwa pamoja, na mtu anavyoweza kuuliza jambo ambalo kila mmoja analijua na hakuna anayelisema. Alimweleza vizuri, bila kumnyima kitu, mpaka Anaeli akasahau kufumba mdomo.

"Loo! Kumbe ni nzuri hivyo?"

"Ni nzuri hivyo," alisema Aikande, akamsogezea kigoda akae.