Kompyuta ya Mama Imekuwa Bubu

Kifunguamimba alivua viatu mlangoni akiwa tayari amenuna. Mama yake alikuwa amempigia simu kazini, akasema neno lake moja, "Njoo, kompyuta imekuwa bubu," akakata bila kungoja jibu.

Angekuwa anaumwa mgongo asingeita kwa haraka hivyo. Lakini kompyuta ndiyo iliyokuwa ikimleta kitindamimba, muuguzi aliyeko ng'ambo, kila Jumamosi saa kumi, na kwa kitindamimba mama huyo hakuwa na subira. Tangu saa nane yumo kitini, kajipaka mafuta, kavaa gauni la kutokea, macho kwenye kioo cha kompyuta. Kifunguamimba, anayelifua gauni hilohilo, akimwita mara tatu kutoka jikoni haitikiwi hata mara moja. Roho ilimuuma. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, karani wa shule, na bado anagombea mgongo wa mama na mdogo wake!

"Shikamoo, Mama."

Mama alizidi kukikodolea macho kioo.

"Haya, hata salamu siku hizi ni nzito," alijisemea, akapiga magoti chini ya meza.

Waya wa spika ulikuwa umechomekwa sawasawa na taa yake ya kijani inawaka. Sauti haikuwa imezimwa. Alifungua mipangilio aone kama imeelekezwa kwenye hedifoni, wapi. Akabonyeza jaribio, mlio ukatoka safi kabisa. Akaongeza mpaka mwisho. Vikombe vilitetemeka kabatini na jirani akagonga ukuta.

"Bado, mwanangu," alisema Mama, akiitazama spika kwa masikitiko. "Jaribu tena."

Kifunguamimba alisimama polepole nyuma ya kiti. "Mama," aliita. Mama hakugeuka. Akaita kwa nguvu, na bado hakugeuka. Kumbe siku zote zile hakuwa akidharauliwa! Aliona aibu, na, Mungu amsamehe, alifurahi pia.

Akainama mpaka midomo ikakaribia kugusa sikio. "Mama, kompyuta ni nzima. Ni masikio."

Mama alimshika mkono. "Najua. Nilikuwa natumaini ni kompyuta." Kisha akaukaza ule mkono. "Mdogo wako usimwambie. Atalia huko peke yake."

Yaani hata uziwi wenyewe, wa kwanza kuhurumiwa ni kitindamimba. Simu ikaita kwenye kompyuta, kifunguamimba akapokea. Uso wa mdogo wake ukajaa kwenye kioo.

"Mama! Leo unanisikia?"

"Spika zinasumbua," alidanganya kifunguamimba. "Wewe sema tu, mimi nitamfikishia."

Akainama tena sikioni. "Anasema kwake kuna baridi. Anasema amehamishiwa wodi ya watoto. Anasema juzi katoto kamoja kamemtapikia, kakamwomba msamaha kama mzee."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kila neno alilipata kwenye pumzi ya kifunguamimba, lakini kicheko chote kilikwenda kwenye kioo. Wivu uliokuwa umetulia kidogo ulirudi na mizigo yake yote. Yeye anainama mpaka kiuno kinamkatika, mwenzake anachekewa.

Kule upande wa pili kitindamimba alinyamaza, akainua kikombe, akanywa. Hapakuwa na la kufikisha. Kifunguamimba angeweza kunyoosha mgongo, lakini alibaki palepale. Neno hili hakuwahi kumwambia mama yake tangu apate akili. Nyumbani kwao lilikuwa neno la watu wa mbali.

"Nakupenda, Mama," alisema. Safari hii hakutanguliza "anasema".

Uso wa Mama ulichanua. Akasogeza kiti mbele, sikio likamwacha kifunguamimba ameinama hewani, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Nami nakupenda, mwanangu," alimwambia kitindamimba.