Kidani cha Dada

Mgeni aliingia dukani kwa Adamji kinyumenyume, akiusukuma mlango kwa mgongo, maana mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia bati la biskuti.

Munazza aliinua kichwa kutoka kwenye vijiko vya fedha. Miezi mitatu sasa tangu arudi na shahada yake ya kemia, na babu yake hakuwa amemruhusu kugusa kitu kingine. Vijiko, akavisugua. Sinia, akazisugua. Meza ya usonara pale dirishani, na kiti chake kifupi, vilikuwa vya Dada peke yake. Dada ndivyo Wagujarati wa nyumba ile walivyomwita babu, na asubuhi hiyo Dada alikuwa soko la samaki la Liwatoni akichagua nguru.

"Naitwa Nasipwondi," mgeni alisema akihema. "Namtunza Bibi Mubaraka, hapo Kibokoni. Ameniambia hiki nimpe Dada, mkononi, asiwe mtu mwingine. Nimeingia maduka manne na kote nakuta wanaume tu. Kumbe dada mwenyewe uko huku."

"Niko huku," Munazza akajibu, na moyo ukamruka. Hatimaye mtu amesikia habari za shahada yake.

Ndani ya bati, chini ya kitambaa cha melimeli, kililala kidani cha kale: dhahabu iliyofifia, yakuti, zumaridi, feruzi, na safu mbili za lulu kwenye uzi wa hariri.

"Mjukuu wake anaolewa leo alasiri," Nasipwondi alisema. Kisha akainama, akanong'ona. "Nyuma ya kifungo kuna weusi. Usiuguse. Siku ya harusi ya Bibi, mamake alimfuta machozi, kidole kikashika wanja, na kwa kidole hichohicho akamfunga kidani. Miaka sitini Bibi hajaufuta. Anaona haya, watu watamcheka. Sababu hiyo aijue Dada tu. Niahidi."

"Nakuahidi. Simwambii mtu."

Mgeni alipotoka, Munazza alivisukuma vijiko kando. Halafu akahamia kwenye kile kiti kifupi.

Bakuli la ukwaju wa kusugulia sinia alilitoa nje kabisa. Ukali wake ungezila lulu. Akatandika taulo jeupe ili jiwe likidondoka lisikimbie. Kwa lenzi akakagua kila jiwe kama limekaa imara, akaona nyuma ya yakuti kuna karatasi nyembamba ya fedha, ile inayoyapa mawe ya zamani mng'ao wake. Maji yakiifikia, basi. Kwa hiyo hakuloweka kitu. Dhahabu aliipitia kwa brashi laini yenye unyevu mdogo na tone la sabuni, akafuta papo hapo. Zumaridi hakuzikaribishia maji ya moto. Feruzi, jiwe linalokunywa kila kinacholigusa, lilipata kitambaa kikavu tu. Lulu alizipangusa moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, akiziita majina ya shangazi zake, akicheka peke yake. Mwisho akakilaza kidani kwenye taulo kikauke, kwa kuwa uzi wa hariri ukining'inizwa ungali na unyevu hurefuka.

Weusi wa kifungo hakuugusa.

Dada alirudi na nguru begani. "Nani kakaa mezani pangu?"

"Mimi, Dada."

Akamlaza nguru juu ya vijiko, akachukua lenzi. Alitazama muda mrefu. "Feruzi ulitia maji?"

"Kitambaa kikavu."

"Ukwaju?"

"Uko nje, unakula jua."

Masharubu ya Dada yalicheza kidogo. Ndipo akakigeuza kidani, kama alivyogeuza kila kitu tangu ujana wake. Kwake kazi ilipimwa mgongoni, upande usioonekana. "Na uchafu huu?"

"Huo hautoki, Dada. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Kwa sababu gani?"

Kabla hajajibu, mlango ukasukumwa. Safari hii Nasipwondi aliingia akitanguliza uso. "Dada, tayari?"

"Tayari," wakajibu wote wawili, babu na mjukuu.

Nasipwondi aliwatazama kwa zamu. "Nimemwita dada, mzee. Sikukuita wewe."

"Dada ni mimi."

"Wewe ni babu."

"Mwanangu, muulize mtu yeyote wa mtaa huu. Mubaraka ananiita Dada tangu nipate mjukuu."

Nasipwondi alijiziba mdomo. Munazza alihisi kicheko kikianzia nyayoni. Kilipofika kooni alilazimika kuishika meza.

"Kwa hiyo siri ni yangu," Dada alisema. "Niambie."

"Aliyeahidi ni mimi, Dada, na nilisema simwambii mtu. Tumuulize kwanza Bibi Mubaraka." Nasipwondi, aliyekwisha kumkosea Dada mara moja, akaafiki kwa kichwa.

"Leo ana harusi, na kesho anawasindikiza maharusi Lamu kwa mwezi mzima." Dada akakivuta kile kiti kifupi, akakipangusa kwa kiganja. "Sikiliza. Hayo mawe, mimi nisingeyafanya vizuri zaidi. Nikijua sababu, huo si uchafu, kazi imekamilika, na kiti hiki ni chako kuanzia leo. Nisipoijua, fundi kaacha uchafu mgongoni, na fundi huyo ana vijiko."

Munazza alikitazama kiti. Kilikuwa na shimo dogo katikati, lililochimbwa na miaka ya kukaliwa, na lilimtosha barabara, alikuwa ameshalijaribu. Mwezi mzima wa vijiko.

Akakikunja kidani ndani ya melimeli, akakirudisha batini, akamkabidhi Nasipwondi kwa mikono miwili. "Mwambie Bibi, weusi uko palepale."

Kisha akamwondoa nguru juu ya vijiko, akachukua kitambaa, akaanza kusugua huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Dada alikaa kwenye kiti chake. Akainuka. Akakaa tena.

"Hata herufi ya kwanza?"

"Dada," alisema Munazza, "nguru ataharibika."