Sista Cherehani Mbele ya Maikrofoni

Masista wenzake walimwita Cherehani, na hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Alipofungua mdomo, maneno yalifuatana kama mishono, usipate hata pa kupenyeza ukucha. Alikuwa mkunga katika zahanati ya shirika lake, na akina mama aliowazalisha walisema domo lile liliwasahaulisha uchungu: kabla hujamwelewa anasema nini, mtoto huyo mikononi.

Kwa hiyo Mama Mkuu alipoamka siku ya pili ya mkutano wa masista wa mataifa akiwa hana sauti, Cherehani alidhani anataniwa. Lakini haukuwa mzaha. Ukumbi wa mkutano ulikuwa na baridi ya mashine, na Mama Mkuu, mtu wa kifua chepesi, alikuwa ameshinda jana yake chini ya tundu la mashine hiyo. Sasa alikaa kitandani na shali shingoni, akitoa mlio wa mlango usiotiwa mafuta.

"Utazungumza wewe."

"Mimi? Mama, mimi si nimekuja kukubebea mkoba?"

"Mkoba utabeba, na kusema utasema. Ila polepole, mwanangu. Kuna wakalimani."

Cherehani akatoka mbio hadi uani, akampigia mama yake mzazi. "Mama! Leo nahutubia dunia nzima! Mama Mkuu hana sauti, mimi ndiye, saa nne, sijui hata nivae viatu gani!"

"Dunia nzima ipi, na mimi mmoja tu hapa jikoni hujanielewesha?" mama yake akajibu. "Hebu vuta pumzi, uanze upya."

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Shela nyeupe, za kahawia, za buluu, na wengine vichwa wazi, masista wa nchi ambazo nyingine Cherehani alikuwa hajui kama zipo. Kila mmoja alikuwa na kidude cha kusikilizia tafsiri sikioni. Nyuma kabisa vilijipanga vibanda vya vioo, kila kimoja na mkalimani wake. Cherehani alipanda jukwaani na woga wake, lakini si woga mtupu; raha nayo ilikuwamo tele.

"Tumsifu Yesu Kristo!" akasema, na hapo hapo cherehani ikaanza kushona.

Hakufika mbali. Katika kibanda kimojawapo, mkalimani mwenye miwani mikubwa alisimama akapunga mikono yote miwili, kama anayesimamisha gari lililokatika breki. Mwenyekiti akamvuta Cherehani mkono wa kanzu. "Dada, umewaacha njiani."

Ukumbi ukacheka. Cherehani akanywa maji, akaigeuza karatasi ya hotuba kifudifudi, akavuta pumzi.

"Nitawasimulia," akasema, neno moja moja, "habari za baba mmoja. Dereva wa lori, kifua kama kabati. Akasema lazima aingie na mkewe chumba cha kujifungulia. Akaingia. Alipoona kichwa cha mtoto, puu! Yuko chini. Tukamlaza kitanda cha pili. Mkewe akajifungua. Baba akafumbua macho, akajishika tumbo, akaniuliza: 'Sista, nimejifungua salama?'"

Waliojua Kiswahili wakaangua kicheko papo hapo. Kisha, kama mvua inayohama paa hadi paa, kicheko kikapokelewa upande wa kushoto, halafu katikati. Ila kundi moja la nyuma lilibaki linatazamana na kugongagonga vidude vyao. Mkalimani wao, yule wa miwani, alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanatikisika, hawezi kutoa hata neno. Ukumbi mzima ukageuka kuwangoja. Naye Cherehani, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumngoja mtu amalize, akangoja. Ghafla kundi lile likalipuka, na ukumbi wote ukacheka upya pamoja nao, makofi juu yake.

Baada ya hapo alizungumza kama anayetembea na mtoto mkononi. Alisimulia wadi yao, na wajawazito wanaoletwa kwa machela. Mwisho akataja jambo linalomtisha kuliko yote: mtoto ametoa kichwa, na mabega yamekwama.

Wakati wa chai, sista mmoja mzee, mfupi, wa lile kundi la nyuma, alimjia akipenya watu kwa viwiko. Hawakuwa na hata neno moja la kusikilizana. Mzee akajigusa kifua, akafanya mikono kama anayepokea mtoto. Mkunga mwenzake! Kisha akamkabidhi Mama Mkuu, aliyekuwa ameshuka na shali yake kunywa chai, kikombe chake, akakunja kanzu, akapiga magoti na kuweka viganja sakafuni, pale pale mbele ya wageni wa heshima.

Masista wawili walikimbia kumwinua wakidhani ameanguka. Akawafukuza kwa mkono. Akatikisa nyonga, akaonyesha mgongoni: mama akikaa hivi, nyonga hufunguka, bega hupata njia.

"Nimeelewa!" Cherehani akapiga kelele, naye huyo, chini. Mama Mkuu, kikombe huku na huku, alicheka bila sauti hadi machozi yakamtoka.

Mkalimani wa miwani alifika akihema. "Anasema alifundishwa na wakunga wa vijijini kwao. Usimvute mtoto. Mgeuze mama."

Waliporudi nyumbani haukupita muda mrefu. Alasiri moja alikuja mama mwenye tumbo kubwa. Kichwa cha mtoto kikatoka, kikasimama hapo hapo. Muuguzi msaidizi akanyoosha mkono kumvuta.

"Mgeuze! Magoti na mikono!" Cherehani akaamuru.

"Sista, nitambae?"

"Tambaa, dada yangu, tambaa! Haya, sukuma!"

Bega likateleza. Mtoto akamwangukia mikononi, wa buluu, kimya. Akamsugua mgongo, akamsugua tena, na kilio kikapasua chumba.

Kondo la nyuma lilipotoka na mama kutulia na mwanawe kifuani, Cherehani alimwachia muuguzi zamu, akakimbia na aproni yake hadi ofisini, akavamia kikao cha Mama Mkuu na mafundi wa paa.

"Limetoka! Mama, bega limetoka, nimemgeuza, katambaa, mtoto mzito kama gunia, analia huyo, msikie!"

Mama Mkuu aliinuka, akapiga vigelegele, sauti yake ikiwa imerudi yote. "Wa kike au wa kiume?"

Cherehani akashika kichwa. Hakuwa ametazama. Akageuka, akarudi mbio vilevile alivyokuja.